Sehemu Isiyo na Jina

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari hili kwa hasira. Kompyuta ni yangu, karakana ni yangu, lakini kuanzia asubuhi nikiiwasha inaniuliza nataka kuingia wapi. Kioo cheusi, mistari mitatu, kila mmoja mfumo wake wa kuendesha kompyuta. Wa kwanza ni mfumo wa mdogo wangu. Wa pili ni mfumo mpya, wa barua na oda. Wa tatu ni ule wa zamani; mashine yangu ya kudarizi haitaki kusikia mwingine. Nisipochagua ndani ya sekunde kumi, inaingia yenyewe kwenye ule wa mdogo wangu. Yaani mwenye nyumba ndiye anayebisha hodi.

Mdogo wangu ni mpima ardhi. Kampuni yake ilifungwa, na huu ni mwezi wa nane yuko kwenye chumba cha nyuma. Wiki iliyopita alinibembeleza: "Dada, diski yako ni gigabaiti mia tano. Unatumia mia mbili na sabini. Nipe mia mbili niweke mfumo wangu. Ni wa bure, na programu za ramani zinakwenda humo vizuri."

Nikampa. Nimeshaanza kujuta.

Jumamosi, 9 Machi

Oda ya shule imethibitishwa: nembo 640 za mifuko ya mashati. Kila nembo mishono 7,200, dakika tisa na nusu. Mashine ina vichwa vinne, kwa hiyo mizunguko 160, kwa hiyo saa ishirini na tano na dakika ishirini za kudarizi bila kusimama. Vitambaa vitafika katikati ya Aprili. Kukabidhi ni Jumatatu tarehe 22, siku wanafunzi wanaporudi.

Ijumaa, 15 Machi

Jumatatu nilimkosa mteja kwa sababu ya saa. Kompyuta iliniambia ni saa tatu, nikaenda kununua uzi, kumbe ni saa sita na mteja alishakuja akagonga akaondoka. Tangu hapo nimefuatilia siku tano: kila akitoka mdogo wangu kwenye mfumo wake, saa kwangu inarudi nyuma saa tatu kamili.

"Mfumo wangu unahesabu kwa saa ya dunia nzima," aliniambia, "wako unahesabu kwa saa ya ukutani. Ni mstari mmoja tu, nitaurekebisha."

"Wewe dunia nzima, mimi ukutani," nikamwambia. "Ndivyo tulivyo tangu utoto."

Bi Uzi alicheka mpaka akaangusha mkasi. Bi Uzi ndiye niliyeanza naye, mimi na yeye na sindano mbili, kabla ya mashine na kabla ya umeme. Mdogo wangu hakucheka. Ameurekebisha.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Sasa nimejua anachofanya. Kila asubuhi na kila jioni anakwenda na ufito wenye alama za sentimita, anapima maji yanapofika kwenye kuta, milango na mitaro ya mtaa wa chini. Anaandika kwenye vikaratasi, anarudi, anaingiza kwenye kompyuta, anatupa vikaratasi kwa sababu vimelowa. Mwezi wa tano mhandisi wa mji atakuja kuamua mtaa upi, wa juu au wa chini, uwekewe makalavati mawili, yale mabomba makubwa ya zege ya kupitishia maji chini ya barabara. Mdogo wangu anataka mtaa wa chini uende kwake na ramani mkononi.

"Njoo uone, dada. Dakika mbili."

"Nitaiona ikiisha."

Bi Uzi alikwenda. Alirudi anasema ameiona nyumba yake, imezungushwa rangi ya buluu, na buluu inaongezeka siku hadi siku.

"Inalipa?" nikamuuliza.

"Kuona nyumba yangu inazama? Bado hawajaanza kulipa."

Jumatatu, 1 Aprili

Fundi viatu wa mtaa wa chini amesimama mlangoni kwangu, misumari mdomoni kama kawaida yake, ndiyo maana wanamwita Msumari. Kumbe watu wa kule nao wanapima.

"Mwambie mpima," akasema kwa pembe ya mdomo, "kwangu leo kumi na saba. Kwa mama wa mkaa ishirini na mbili. Yule kinyozi asimwamini, anaongeza."

"Mimi si katibu wake."

"Wewe ni dada yake, ni zaidi."

Niliandika kwenye kiganja cha mkono nisisahau. Sijui kwa nini lilinikera hivyo. Miaka kumi na tisa niko mtaa huu, hakuna aliyewahi kupita kuniletea namba.

Jumamosi, 6 Aprili

Ameniomba nimnunulie diski ndogo ya pembeni, aweke nakala. Nikamwambia nafasi anayo gigabaiti mia mbili, nyingine ya nini? Akasema nakala inatakiwa ikae mbali na kazi yenyewe. Nikasema basi ajitafutie. Akachukua ufito akatoka.

Niliacha shule ili yeye aendelee. Sindano yangu ndiyo iliyomsomesha kupima ardhi. Sidhani kama nina haja ya kueleza zaidi.

Jumanne, 16 Aprili

Vitambaa vimefika. Marobota tisa, na mvua ilikuwa inapiga. Nilimwita mdogo wangu anisaidie kushusha. Alikuwa ameshika ufito. "Dada, maji yako juu sasa hivi, nikichelewa nusu saa yanashuka." Akaenda. Tumeshusha mimi na Bi Uzi, wanawake wawili wa miaka hamsini na kitu, robota moja limelowa.

Jumatano, 17 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi niliingia kwenye mfumo mpya nipokee mchoro wa nembo kutoka shuleni. Ikasema nafasi imejaa. Picha za wateja, michoro ya miaka minne, barua. Nikafungua pale panapoonyesha diski ilivyogawanywa. Mimi si fundi wa kompyuta, lakini mstari uliogawanywa vipande na namba juu yake naujua kuusoma. Kulikuwa na sehemu ya mfumo wa zamani. Kulikuwa na yangu, imejaa pomoni. Na katikati, pengo kubwa: sehemu ya gigabaiti mia mbili, haina herufi, haina jina, haina kitu. Nilipoigusa ikaniambia inabidi iandaliwe kwanza ndipo itumike, kama sanduku jipya.

Nikakaa nikaitazama. Nikasema moyoni, huyu mtu amechukua mia mbili na hajaweka hata kimoja. Yuko mtaani anacheza na maji, na mimi nakosa pa kuweka mchoro mmoja.

Nikaifuta. Iliniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo. Nikaiunganisha na yangu, mchoro ukaingia, nikauhamishia sehemu ya mfumo wa zamani. Nilijisikia kama mtu aliyepanga upya nyumba.

Nikazima, nikawasha, ili niingie mfumo wa zamani nianze kudarizi. Orodha haikutokea. Kioo cheusi, mstari mmoja mfupi, alama inapepesa. Nikawasha tena mara sita. Hakuna wa kwangu, hakuna wa zamani, hakuna chochote. Vitambaa 640 mezani na mashine imelala.

Nikamtuma Bi Uzi amlete mdogo wangu. Alikuja ameloa mpaka magotini, akachomeka flashi yake, akaiwasha kompyuta kutokea humo. Akatazama mstari ule wa vipande. Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Dada, umegusa nini?"

"Nimeondoa ile tupu."

"Ipi tupu?"

"Ile ya katikati. Haikuwa na jina."

Akaniambia taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, na hilo ndilo lililonichoma. Mfumo wangu haujui kusoma maandishi ya mfumo wake. Kila ukitazama kule unaona patupu. Hakukuwa patupu. Hata ile orodha ya mistari mitatu ilikuwa inakaa humo, ndiyo maana sasa kompyuta haijui pa kuanzia.

"Ramani ilikuwa humo?"

"Ramani, vipimo, vyote."

Nilitaka kusema pole. Nikasema, "Sasa nembo zangu?"

Hakukasirika. Alisema ukifuta namna ile, kitu chenyewe hakijaondoka, kimepoteza anwani tu. Yuko mtaalamu mjini anayejua kukitoa. Siku nne. Lakini sharti moja: diski isiandikwe chochote. "Kila kitakachoandikwa pale kitakaa juu ya ramani, dada. Usiiwashe. Kesho alfajiri naenda kumtafuta, nikirudi tunaichomoa."

"Siku nne ni Jumatatu."

"Najua."

"Jumatatu nakabidhi."

"Najua, dada. Nakuomba."

Sikumjibu. Naandika hapa kwamba sikumjibu, kwa sababu kesho nitataka kusema nilikataa wazi.

Alhamisi, 18 Aprili

Ameondoka saa kumi na mbili na mwavuli wangu. Saa moja nimempigia fundi wa mashine yangu ya kudarizi.

Alifika saa mbili. Akasema njia ndefu ni kurudi kwake kuchukua vifaa vyake vya mfumo wa zamani auamshe huo peke yake, barabara zilivyo atarudi jioni. Njia fupi ni kuweka mfumo mpya upya, kwenye ile sehemu yote niliyoipanua; wenyewe utautambua wa zamani na kutengeneza orodha. Saa moja na nusu.

"Nembo zangu?"

"Ziko sehemu ya zamani, hatuigusi." Akaweka kidole kwenye kioo. "Ila hapa katikati palikuwa na mfumo mwingine. Kuna kitu cha mtu?"

Nikasema hakuna.

Bi Uzi alikuwa anatia uzi kwenye kichwa cha tatu. Mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea.

Saa tatu na nusu mashine ilianza. Saa tisa nilikuwa na nembo 128, safi, hakuna uzi uliokatika. Mdogo wangu aliisikia mashine kabla hajafika mlangoni. Nilimwona dirishani amesimama kwenye mvua na mwavuli umefungwa.

Akaingia. "Inafanya kazi."

"Fundi wa mashine ameirekebisha."

"Ameirekebishaje?"

"Ameweka mfumo upya."

"Wapi?"

Sikuonyesha. Aliangalia kioo mwenyewe. Akakaa juu ya robota.

"Mtaalamu alikuwa amekubali," akasema. "Hukumwambia fundi kuna kitu?"

"Sikumwambia."

Si uongo huo, na si kweli. Bi Uzi hakuinua macho.

Kisha akauliza, "Zimebaki ngapi?"

"Mia tano na kumi na mbili."

Akachukua mkasi, akavuta kiti karibu na Bi Uzi, akaanza kukata mabaki ya nyuzi nyuma ya nembo, moja moja, mpaka jioni. Anajua kuzikata. Nilimfundisha alipokuwa na miaka saba.

Ijumaa, 19 Aprili

Nembo 332. Mvua.

Jumapili, 21 Aprili

640, na nne za akiba.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekabidhi saa mbili na dakika tano. Karani wa shule alihesabu mara mbili, akasema hakuna karakana inayotunza ahadi kama yangu. Zamani neno hilo lingenishibisha wiki nzima. Niliomba maji ya kunywa.

Mdogo wangu amehama. Amepanga chumba mtaa wa chini, mlango wa pili kutoka kwa Msumari. Alichukua begi, ufito na redio. Kompyuta aliipita bila kuitazama. Nilimwambia nitamnunulia ya kwake. Akasema, "Ya kufanyia nini, dada? Mvua ile imeshanyesha."

Alhamisi, 2 Mei

Kikao cha mhandisi, chini ya turubai. Nilikaa nyuma kabisa. Mtaa wa juu walileta picha tatu na barua ya mwenye duka kubwa. Kwa mtaa wa chini alisimama mdogo wangu. Alisema maji yanaanzia wapi, yanageukia wapi, yanasimama saa ngapi. Alisema kwa kichwa, macho ameyafumba nusu, kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba anayoijua.

"Vizuri sana," akasema mhandisi. "Ramani iko wapi?"

"Diski ilikufa."

Hakunitazama. Hata upande niliokaa hakuutazama.

"Bwana mpima," mhandisi akacheka, "kila ninapokwenda, mtu ambaye hakufanya kazi yake diski yake imekufa. Mimi siwezi kuzika bomba la zege kwa hadithi."

Watu wakacheka, hata wa mtaa wa chini. Magoti yangu yalikuwa yanataka kusimama, nikayashika kwa mikono. Nusu ya waliokuwa pale wananiletea kazi. Karani wa shule alikuwa safu ya pili.

Makalavati yote mawili yamekwenda mtaa wa juu.

Jumanne, 7 Mei

Kompyuta sasa ina mistari miwili tu. Wa kwanza ni wangu. Naingia bila kusubiri.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua kubwa kuliko zote, tangu jana mchana. Nimeteremka kwenda kuona. Kwa mama wa mkaa magunia yote yamelowa. Kwa Msumari maji yamepita ndani yakachukua viatu vya watu. Alikuwa amesimama katikati, anaviokota kimoja kimoja na kuvitafutia wenzake.

"Shikamoo dada. Pole na diski yako."

"Pole na wewe."

"Mimi nimezoea." Leo hakuwa na misumari mdomoni, alisema vizuri. "Ila mpima wetu ndiye wa kumhurumia. Watu wamembadilikia. Wanasema hapakuwa na ramani yoyote, alitutembeza na ufito miezi miwili tujione wa maana. Jana kinyozi kamwambia usoni."

"Na wewe unasemaje?"

Akapindua kiatu, maji yakamwagika. "Mimi nilipima kwa mkono wangu. Lakini ramani sikuiona. Wewe uliiona?"

"Hapana," nikasema.

Na hilo lilikuwa kweli. Aliniita, dakika mbili, sikwenda.

Jumapili, 19 Mei

Jua, siku ya tatu. Bi Uzi amevunja kimya cha mwezi mzima. Tulikuwa tunasafisha mashine. Akasema, "Mwenzangu, siku ile ulivyosema hakuna, nilitaka kusema kipo. Nikaona kazi ni yako, ndugu ni wako. Sasa sipati raha nikiingia kwangu." Akaendelea kufuta vumbi.

Nimevaa nikateremka. Walikuwa wamekaa nje kwa Msumari, wanaanika godoro: yeye, mama wa mkaa, kinyozi, wengine wawili watatu. Wakanitolea kiti. Nikakataa kiti. Nikawaambia: ramani ilikuwepo, diski haikufa. Niliifuta mimi, mara ya kwanza kwa kutojua, mara ya pili kwa kujua. Nikawaambia ilivyokuwa, na fundi aliniuliza nini, na nilimjibu nini.

Kinyozi alitazama chini. Mama wa mkaa alisema "Loo," basi. Nilisubiri watukane. Nadhani nilikwenda kwa ajili hiyo, nitukanwe nirudi mwepesi.

Msumari akapiga godoro kwa fimbo, mara mbili, tatu.

"Sasa dada, sisi tukijua, inatusaidia nini? Si sisi tuliocheka kwanza. Aliyesema hadithi ni mhandisi. Kamwambie yeye."

"Makalavati yameshachimbiwa."

"Nani ametaja makalavati? Huyu kijana hapati kazi tena mji huu. Nani atampa ufito mpima wa hadithi? Kamwambie mhandisi, kwa maandishi, uweke na muhuri wako wa karakana. Huo muhuri wako watu wanauamini."

Jumatatu, 20 Mei

Nimeandika barua kwenye mfumo mpya, ukurasa mmoja. Nimetaja jina la karakana, tarehe 17 na 18 Aprili, kwamba kazi ya mpima ilikuwepo na ilikuwa kamili, kwamba niliombwa nisiandike juu yake na nikaruhusu iandikwe. Kwamba vipimo vilichukuliwa asubuhi na jioni kwa siku arobaini na mbili, katika vituo thelathini na kimoja. Nimepiga muhuri. Nakala moja ni ya kamati ya mtaa, na karani wa shule yumo kwenye kamati. Najua hesabu ya oda zinazoweza kwenda nayo. Nimeihesabu mara moja tu, nikaacha.

Saa tatu nilikuwa mlangoni kwa mdogo wangu. Alikuwa anapiga pasi shati. Sikuingia. Nilimpa barua, nikamwambia asome kabla sijaipeleka, asiridhike na kitu chochote ambacho si kweli.

Aliisoma amesimama. Aliisoma yote, akarudi juu akaisoma tena. Nilitazama mlango wake, alama ya maji imepanda mpaka karibu na kitasa.

"Una kalamu?"

Nikampa. Akaiweka barua ukutani, akakata sehemu moja kwa mstari ulionyooka, akaandika juu yake.

"Vituo havikuwa thelathini na kimoja," akasema. "Thelathini na vinne."

Maisha yangu yote sijawahi kukosea hesabu kwenye karatasi yenye muhuri wangu. Hii niliikisia. Nilidhani naijua, kwa sababu ilikuwa kwenye kompyuta yangu.

"Nikaiandike upya?"

"Hapana, iache hivyo hivyo." Akaikunja mara mbili, akanirudishia na kalamu. "Nenda sasa hivi, dada. Ikifika saa sita hawapokei barua."